Humu Chumbani: Mchezo wa Huis clos na Matatizo ya Kuufasiri kwa Kiswahili

Kazi ya kufasiri michezo ya kuigiza ya ng'ambo kwa Kiswahili ina historia yenye heshima. Mwaka 1963 Julius Nyerere alitoa Julius Caezar, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Kati ya miaka hiyo, mnamo 1968, Samuel Mushi alitoa Makbeth. Mjadala juu ya fasiri za namna hii aghalabu huelekea upande wa msamiati: neno gani latosha kwa cheo fulani, kwa silaha fulani, kwa desturi isiyojulikana katika nchi za Waswahili. Mjadala huo una faida yake. Walakini yako maandiko ambayo ugumu wake umelala katika maneno mafupi ambayo kila mtoto huyajua: hapa, wewe, wengine. Mchezo wa Jean-Paul Sartre uitwao Huis clos ni mmoja wa maandiko hayo, na makala haya yakusudia kuonyesha ni wapi hasa mfasiri wa Kiswahili atakapolazimika kukata shauri ambalo Mfaransa hakulazimika kulikata.

1. Mchezo wenyewe

Sartre aliuandika mchezo huu mwaka 1943, mwaka ule ule kilipotoka kitabu chake kikubwa cha falsafa, L'Être et le néant. Ulichezwa mara ya kwanza tarehe 27 Mei 1944 katika ukumbi wa Vieux-Colombier mjini Paris, wakati mji ungali mikononi mwa jeshi la Ujerumani, siku kumi kabla ya majeshi ya Uingereza, Marekani na wenzao kushuka katika pwani ya Normandie. Michel Vitold alikuwa Garcin, Tania Balachova alikuwa Inès, na Gaby Sylvia alikuwa Estelle. Kabla ya hapo Albert Camus ndiye aliyetazamiwa kuuongoza mchezo na kumcheza Garcin, lakini mpango huo haukutimia.

Chanzo cha mchezo kilikuwa cha kawaida kabisa. Sartre alitaka kuwaandikia rafiki zake mchezo ambao hakuna mchezaji atakayemwonea mwenziwe wivu kwa kupewa maneno mengi zaidi au kubaki jukwaani muda mrefu zaidi. Kwa hiyo ilitakiwa hali ambayo wote watakuwa pamoja tangu mwanzo hata mwisho, pasiwe na wa kutoka. Wazo la kwanza lilikuwa kuwaweka katika chumba cha chini ya nyumba wakati wa kupigwa mabomu. Baadaye akawaweka jehanamu.

Jehanamu yenyewe ni chumba cha kupokelea wageni, kilichopambwa kwa mtindo wa enzi ya Napoléon wa Tatu. Mna makochi matatu, sanamu ya shaba isiyoweza kuinuliwa, kisu cha kukatia karatasi pasipo na kitabu cha kukatwa, na kengele ambayo mara hulia, mara hailii. Hamna dirisha, hamna kioo, na taa haizimiki. Humo huletwa watu watatu, mmoja baada ya mmoja, na mtumishi ambaye kope zake hazipepesi. Garcin ni mwandishi wa gazeti la kupinga vita kutoka Rio de Janeiro. Vita vilipozuka alijaribu kukimbilia Mexico, akakamatwa, akapigwa risasi. Inès ni karani wa posta aliyekufa kwa gesi usiku mmoja na mwanamke aliyempenda. Estelle ni bibi wa kitajiri wa Paris aliyekufa kwa maradhi ya mapafu, na aliyemtosa mtoto wake mchanga ziwani.

Watatu hao wangoja mtesaji, na hatokei. Polepole wafahamu kuwa hapana atakayekuja, kwa sababu kazi hiyo wataifanya wenyewe. Inès amtaka Estelle. Estelle amtaka Garcin, au mwanamume yeyote. Garcin ataka jambo moja tu, kwamba Inès akubali kuwa yeye si mwoga. Hapana wawili wawezao kupatana maadamu wa tatu yupo anatazama. Karibu na mwisho Garcin aupiga mlango kwa nguvu, nao wafunguka ghafula. Wala yeye hatoki, wala mwingine yeyote.

2. Jina

Maneno huis clos ni ya mahakamani. Huis ni neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya mlango, lililotoka katika Kilatini ostium, na ambalo leo karibu limekufa isipokuwa katika msemo huu na katika neno huissier, yaani mtumishi wa mahakama. Kesi inayosikilizwa kwa huis clos ni ile ambayo umma umezuiwa kuisikiliza. Kwa jina hili Sartre amesema mambo mawili kwa mara moja: kuna mlango uliofungwa, na kuna hukumu inayoendelea nyuma yake.

Wafasiri wamegawana maana hizo kila mtu kwa upande wake. Kwa Kiingereza mchezo ulichapishwa kwa jina In Camera, ambalo ni msemo wa kisheria. London, mwaka 1946, Peter Brook aliuonyesha kwa jina Vicious Circle, maana yake mzunguko wa dhara usio na mwisho. New York, mwaka ule ule, uliitwa No Exit, yaani hakuna pa kutokea, na jina hili ndilo lililoenea, ijapokuwa lapingana na tendo kubwa la mchezo wenyewe, maana pa kutokea papo. Wajerumani wauita Geschlossene Gesellschaft, jina ambalo kwao huandikwa mlangoni mwa hoteli iliyokodiwa kwa karamu ya watu maalumu. Waspania wauita A puerta cerrada, mlango ukiwa umefungwa. Jina la mchezo ni tafsiri ya mchezo mzima kwa ufupi. Nyerere alipoandika Mabepari mahali pa mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare, hakuwa amebadili neno tu. Alikuwa amekwisha kumwonyesha msomaji jicho atakalosomea.

Kwa Kiswahili "Mlango Umefungwa" lingeeleweka, lakini mahakama ingepotea. "Hakuna Pa Kutokea" lingerudia kosa la New York. Lipo neno ambalo tayari lina maana zote mbili, nalo ni faragha. Katika mahakama za Afrika Mashariki kesi isiyosikilizwa hadharani husemwa kuwa inasikilizwa faraghani. Kadhalika katika maneno ya kila siku faragha ni mahali au wakati wa mtu kuwa peke yake, mbali na macho ya watu. Watatu hawa wamo faraghani kwa maana ya kwanza, na kwa maana ya pili wamenyimwa faragha milele. Tena mzizi wa Kiarabu uliolizaa neno hili una maana ya utupu, na utupu ni neno ambalo msomaji wa falsafa ya Sartre hatalipita bila kusimama. Jina Faraghani, pamoja na kiambishi chake cha mahali, laonekana kuubeba mzigo ambao majina ya lugha nyingine yameubeba nusu nusu.

3. Mahali: hapa, huku, humu

Mfaransa anaposema ici amesema yote aliyo nayo. Neno hilo halielezi kama mahali ni nukta iliyo wazi, eneo lisilo na mpaka, au ndani ya kitu. Kiswahili chadai kujua. Ngeli zake tatu za mahali, pa-, ku- na mu-, zatenga hapa, huku na humu. Yupo, yuko na yumo. Pale, kule na mle. Kila ici ya mchezo huu, na ziko nyingi, yamlazimisha mfasiri achague mojawapo ya tatu.

Ugumu huu waweza kugeuzwa kuwa mali. Garcin aingiapo mara ya kwanza ni mgeni anayekagua chumba cha hoteli. Huuliza juu ya vyombo, juu ya mswaki wake, juu ya kulala. Mtu wa hali hiyo husema hapa: mahali hapa pana nini, hapa watu hulalaje. Bado mahali ni nukta mbele ya macho yake, naye hajajiona kuwa ndani yake. Baadaye, wanapoanza kusemezana habari za dunia waliyoiacha, ulimwengu wagawanyika sehemu mbili, huku na kule, na mwachano wa ku- ndio ufaao. Lakini saa ile Inès anapotambua kuwa wao wenyewe ndio watesaji, mahali papata kuta. Tangu hapo lugha yote ya mchezo yafaa kuingia katika ngeli ya mu-: tumo humu, mlimo ninyi, mna watu watatu, hamna mtu wa nne.

Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya leo ya mijini ngeli ya mu- imedhoofika. Wengi husema chumbani kuna watu mahali pa kusema chumbani mna watu, na mle huachiwa pale au kule. Lakini udhaifu huo ndio unaoipa ngeli hii nguvu jukwaani. Kitu kilichoacha kutumiwa kwa mazoea husikika kinapotumiwa kwa makusudi. Mchezaji akisema kwa utulivu kwamba yumo, na hasemi kwamba yupo, mtazamaji aijuaye lugha atasikia mlango ukifungwa bila mlango kuonekana.

Waswahili hawahitaji kufundishwa kuwa adui wa ndani ana sarufi yake. Methali isemayo "Kikulacho kimo nguoni mwako" yategemea kiambishi hicho hicho. Badilisha kimo kwa kipo, na methali yote yaanguka. Na tukio la mlango kufunguka, ambalo kwa Kifaransa hutegemea zaidi tendo la mchezaji, kwa Kiswahili laweza kutegemea pia kiambishi: kwa mara ya kwanza tangu mwanzo pana nje, na Garcin achagua mu-.

4. Kuitana

Kifaransa kina namna mbili za kumwambia mtu mmoja wewe. Vous ni ya heshima na umbali. Tu ni ya ukaribu, au ya dharau. Katika mchezo wa watu watatu wasiojuana, waliofungiwa pamoja, kuhama kutoka vous hadi tu ni tukio kamili, kama vile mtu kuvuka chumba. Sehemu mashuhuri yahusu kioo. Estelle ataka kujipaka rangi ya midomo na hana kioo. Inès ajitolea macho yake yawe kioo. Katika tukio hilo Inès apendekeza waitane kwa tu. Estelle asita, adai kwamba hapendi kuitana hivyo na wanawake, na Inès amjibu kwa kejeli juu ya makarani wa posta. Kwa viwakilishi viwili vifupi yametajwa mapenzi, tabaka na hofu.

Kiswahili sanifu hakina mwachano huo katika nafsi ya pili ya umoja. Wewe ni wewe kwa mfalme na kwa mtumwa. Lakini si kweli kwamba Kiswahili hakina daraja za ukaribu. Daraja hizo zimewekwa mahali pengine, katika majina ya kuitana: bwana, bibi, mama, dada, ndugu, somo, shoga, mwenzangu. Kwa hiyo kilicho kiwakilishi kwa Kifaransa kitakuwa jina kwa Kiswahili. Inès hatapendekeza "tuitane wewe", jambo lisilo na maana. Ataliacha neno bibi na kutaka kuitana kwa jina la ukaribu zaidi.

Lipi? Neno la kwanza lijalo katika fikira ya mtu wa pwani ni shoga, ambalo wanawake wa Unguja na Mombasa wameitana kwalo tangu zamani kwa maana ya rafiki wa moyoni. Kwa tabaka lafaa sana: bibi wa kitajiri atashtuka kuitwa shoga na karani. Lakini katika usemi wa leo neno hilo limepata maana nyingine, ya mwanamume apendaye wanaume, na maana hiyo imelifunika lile la kale katika masikio ya watu wengi. Inès ampenda Estelle kwa mapenzi ya mwanamke kwa mwanamke, na ni kwa ajili hiyo mwenye mamlaka ya kuruhusu michezo Uingereza, Lord Chamberlain, alinyima kibali, hata onyesho la London la 1946 likafanywa katika ukumbi wa klabu. Sartre aliyaacha mapenzi hayo yafichuke polepole. Neno shoga lingeyatangaza kwa kicheko cha ukumbi mzima kabla ya wakati wake. Somo nalo lina harufu ya unyago na mafunzo ya mwari. Lililobaki ni mwenzangu, neno la kawaida, lisilo na kelele. Na itaonekana hapa chini kuwa neno hili lina kazi nyingine kubwa zaidi.

Neno moja la kuitana lataka hadhari. Mtumishi wa mchezo huitwa le Garçon, neno ambalo asili yake ni mvulana na ambalo limekuwa jina la mtumishi wa hoteli. Njia hiyo hiyo ilipitiwa na neno boi katika Afrika Mashariki, na kishawishi cha kulitumia ni kikubwa. Lakini boi laleta jukwaani nyumba ya Mzungu wa kikoloni na watu wake wote, ambao katika chumba hiki hawamo. Tena mtumishi huyu ndiye pekee ajuaye mambo, na ndiye pekee aingiaye na kutoka. Mhudumu latosha.

5. Jicho

Katika L'Être et le néant Sartre alieleza jinsi mtu anavyogeuka kuwa kitu pindi atazamwapo na mwingine. Mfano wake maarufu ni wa mtu anayechungulia katika tundu la ufunguo: anapochungulia amezama katika lile alionalo, hajifikirii; asikiapo hatua za mtu nyuma yake, mara moja ajijua kuwa ni mchunguliaji, na aona aibu. Jina la jambo hili kwa Kifaransa ni le regard, na Huis clos ni jambo hilo lililojengewa chumba.

Neno mtazamo halifai tena kwa kazi hii, kwa kuwa matumizi ya leo yamelifanya liwe na maana ya rai au msimamo. Kutazama, kama nomino, ni kuzito. Kiswahili kina jicho. Mtu hutupiwa jicho, hukatwa jicho, hupatwa na jicho la husuda. Katika misemo hiyo yote jicho ni kitendo kinachomfikia mwingine na kumwacha si kama alivyokuwa. Ndivyo hasa alivyokusudia Sartre. Fasiri itakayosema kwamba Garcin na Estelle wamo chini ya jicho la Inès itakuwa imesema falsafa bila kuacha lugha ya baraza.

6. Wafu na majina yao

Estelle hapendi neno wafu. Apendekeza waitwe watu wasiokuwapo, na wenziwe wamwachia kwa dhihaka. Mfasiri wa Kiswahili hana upungufu wa tafsida hapa. Ana wingi unaomtega. Kufariki, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kutengana, nalo ni jina zuri kwa watu wanaoiona dunia ikiwaacha. Lakini marehemu ni mtu aliyerehemiwa. Mtazamaji atasikia rehema ndani ya neno hilo, na katika chumba ambacho hakuna rehema Estelle angekuwa amefanya mzaha asioukusudia. Neno la adabu lisilo na dini ndani yake ni lile la kawaida kabisa: hayupo. Hapo tena sarufi yamsaidia mfasiri kwa kejeli iliyo kali kuliko ya Kifaransa, maana watu wanaotaka kuitwa wasiokuwapo ni wale wale ambao kila sentensi yathibitisha kuwa wamo.

Jehanamu yenyewe nayo yataka uamuzi. Motoni lingeuharibu mchezo, kwa sababu mshangao wa Garcin ni kwamba moto haupo na hauhitajiwi. Kuzimu ni makao ya wafu wote, wema na wabaya, nalo halina hukumu. Jehanamu lina hukumu, na laleta matazamio ya moto bila kulitaja neno moto. Matazamio hayo mchezo wayahitaji ili uyavunje.

7. Kuogopa na kuwa mwoga

Swali la Garcin ni kama yeye ni mwoga. Hakuna shaka kwamba alikimbia, wala kwamba mbele ya bunduki alikufa vibaya. Lakini adai kuwa tendo moja halimfanyi mtu, na kuwa alikufa mapema mno asipate kutenda matendo yake mengine. Inès amkatalia: mtu ni jumla ya maisha yake, na hesabu imekwisha kufungwa.

Ubishi huu kwa Kiswahili una umbo la kisarufi lililo wazi. Aliogopa ni kitenzi, chenye wakati wake na mpaka wake. Kesho yake mtu aweza kutoogopa. Ni mwoga ni jina katika ngeli ya watu, limefungwa kwa ni isiyo na wakati. Maisha ni nafasi ya kubaki katika vitenzi. Mauti ni kuhamishwa kutoka kitenzi hadi jina, na wanaofanya uhamisho huo ni waliobaki. Garcin awasikia wenzake wa gazetini kule Rio wakimzungumza, na kila neno lao lamshona ndani ya jina hilo. Ndiyo sababu mapenzi ya Estelle hayamfai kitu: Estelle yuko tayari kumpenda mwoga, na Garcin ataka mtu atakayemrudishia kitenzi.

8. Wengine, watu, wenzetu

Sasa lafikiwa jambo lililo gumu kuliko yote. Karibu na mwisho Garcin atoa kauli fupi inayoitaja jehanamu na les autres kwa pamoja, na kauli hiyo imekuwa mashuhuri kuliko mchezo uliomo. Imesemwa na watu wengi kwa maana ya kwamba kuishi na binadamu wengine ni balaa, na heri mtu akae peke yake. Sartre mwenyewe aliipinga maana hiyo. Mwaka 1965, katika maelezo aliyoyasema kwa sauti kutangulia kurekodiwa kwa mchezo katika sahani ya santuri, alieleza kwamba hakukusudia kusema uhusiano wetu na wengine ni sumu daima. Alikusudia kwamba, uhusiano huo ukipotoka, mwingine hawezi kuwa ila jehanamu. Na sababu ni kuwa katika kujijua sisi wenyewe hatuna njia kubwa zaidi ya ile ipitayo kwa wengine.

Tafsiri iliyo karibu ni wengine. Lakini -ingine kwa Kiswahili ina maana mbili zisizotengana kwa urahisi: watu wengine ni watu walio mbali na wale waliokwisha kutajwa, na pia ni baadhi ya watu. Msikilizaji aweza kuelewa kwamba baadhi ya watu ni jehanamu, jambo ambalo hata mtaani lasemwa kila siku na halihitaji mchezo. Kosa ambalo Sartre alilihangaikia mwaka 1965 lingekuwa limepewa ruhusa ya sarufi.

Watu lingekuwa na nguvu nyingine. Mswahili ana methali isemayo "Mtu ni watu", na kauli ya Garcin ikisemwa kwa neno watu ingesikika kama methali hiyo iliyopinduliwa. Mgongano huo una thamani. Lakini watu ni jumla iliyo mbali. Garcin hasemi habari za umati, asema habari za hao wawili wenye macho.

Lipo neno la tatu. Mwenzangu ni mwenzi wangu yaliyoungana, na umbo hili hutembea pamoja na mwenyewe siku zote: mwenzangu, mwenzako, mwenzake, wenzetu, wenzenu, wenzao. Lugha yamfunga huyo mwingine kwa mtu ambaye kwake yeye ni mwingine. Mtu aweza kudai kwamba hilo ndilo kosa lake, kwa kuwa neno ni la upole mno, limejaa ujirani na kusaidiana, na Sartre alitaka mgeni aliye mkali. Dai hilo lingekuwa na haki kama maana ya kauli ingekuwa ile inayovumishwa. Kwa maana aliyoieleza mwandishi mwenyewe, upole wa neno ndio unaotakiwa. Adui hawezi kumtesa Garcin namna hii, angempuuza. Amtesaye ni yule ambaye hukumu yake yamhusu, yule asiyeweza kuambiwa hanihusu. Kiambishi -etu cha wenzetu hakimwachi nje hata msemaji, kwa kuwa naye ni mwenzao, na kwa hao wawili yeye ni jehanamu vile vile. Tena neno hilo litakuwa limekwisha kusikika: ndilo ambalo Inès alimpa Estelle kwa mapenzi mbele ya kioo kisichokuwapo. Lililotolewa kwanza kama zawadi larudi kama hukumu.

Kuna hoja moja zaidi kutoka upande wa kitenzi. Kiswahili hueleza mambo haya kwa kiambishi -ana: watazamana, wahukumiana, watesana. Wanafunzi hufundishwa kuwa maana yake ni kutendeana, huyu kwa yule na yule kwa huyu. Katika mchezo huu hapana kutendeana kwa namna hiyo, kwa kuwa amtakaye Inès siye amtakaye Inès. Mateso yapita kwa zamu, kutoka wa kwanza hadi wa pili, wa pili hadi wa tatu, kisha yarudi. Lakini -ana yaijua njia hiyo pia. Watu wafuatanao njiani hawafuati kila mmoja mwenziwe kwa pande mbili, na wapokezanao ndoo wakati wa kuzima moto huipitisha upande mmoja tu. Watesana wa Faraghani ni wa namna ya kufuatana na kupokezana, na mstari wao umekunjwa ukawa duara.

9. Vyumba vingine

Huis clos si mchezo wa pekee wa watu waliofungiwa. Mwaka 1973 Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona walitoa The Island, juu ya wafungwa wawili katika seli yenye mfano wa Robben Island. Mwenza huko ndiye kinga ya mtu dhidi ya serikali iliyomfunga. Lakini John apatapo habari kwamba kifungo chake kimepunguzwa na imebaki miezi mitatu, furaha yake yawa mateso kwa Winston, na kwa kitambo seli yao yafanana na chumba cha Sartre. Katika Kiswahili chenyewe, Said Ahmed Mohamed alitoa Amezidi mwaka 1995, ambamo Ame na Zidi wamo pangoni, na majina yao yakiunganishwa ndiyo jina la mchezo. Watu wawili wanaofanya kitenzi kimoja ni jambo ambalo Kifaransa kisingeweza kulitenda.

Mifano hiyo yaonyesha kwamba Kiswahili hakikosi zana za chumba kilichofungwa. Mfasiri wa Huis clos atakuwa na ngeli ya mu- kwa kuta, majina ya kuitana kwa umbali, jicho kwa mtesaji, na mwenza kwa hukumu. Atapoteza tu na vous, na atapoteza ufupi ulio baridi wa les autres. Badala yake atapata mchezo ambao ndani yake "Mtu ni watu" haikanushwi. Itasikika kutoka upande wa pili wa mlango, na watu watatu ambao kila mmoja ataka kuwa mtu, na ambao hawana watu wa kuwafanya kuwa hivyo isipokuwa hao hao waliomo humo.